Neno "Ordinaire" Juu ya Kaburi Lako

Profesa,

"Ordinaire", nikifafanua jinsi ulivyonizoeza kufafanua, yaani kwa kutaja kwanza jamii ya kitu na kisha kile kinachokitenga na ndugu zake, ni cheo cha mwalimu wa chuo kikuu katika nchi yetu. Hutolewa kwa amri ya waziri. Humfikia mtu baada ya kuwa asista, kisha chef de travaux, kisha profesa associé, yaani mshirika, kisha profesa bila nyongeza. Na juu yake hakuna cheo kingine, kuna dari tu. Hiyo ndiyo maana ya ndani ya geti la chuo. Nje ya geti, katika mji wetu wa Bunia, "ordinaire" ni kitu cha kawaida tu: ni mchele usionukia, ni chumba cha hospitali chenye vitanda vingi, ni sabuni iliyokatwa kwa kisu na kuuzwa bila karatasi. Neno ni moja, herufi ni zile zile. Umbali kati ya maana hizo mbili umenikalia mezani tangu tulipokuzika, na ninakuandikia kwa sababu wewe peke yako ungeweza kulicheka jambo hili bila kuharibu hoja yake.

Nianze na kazi niliyopewa. Matanga yalipokwisha, fakilte, yaani kitivo chetu, na familia yako zilikubaliana juu ya jambo moja, na halikurudiwa tena: kwamba mimi ndiye nitakayetunga maneno ya kuchongwa kwenye jiwe lako. Fakilte ilinichagua kwa kuwa nimerithi somo lako la fedha. Familia ilinichagua kwa sababu aliyoitamka mke wako, Mama Beatrice, akiwa anapanga viti: "Weye njo unajua kuandika bila kulia." Hilo la kutolia, Profesa, alikuwa anakisia tu.

Niliona kazi ni nyepesi. Jina, cheo, sala fupi. Nilipeleka rasimu nyumbani kwako mtaani Saio nikitarajia kikombe cha chai na shukrani. Nilisahau kwamba wewe ulikuwa na dada.

Lazima nirudi nyuma kidogo, kwenye siku ile ulipopanda cheo, maana msiba wa jiwe ulianzia pale. Kazi yako ya chuo, ikitazamwa kutoka mbali, ilikuwa ni kungoja kulikopangwa vizuri. Uliandika tasnifu kuhusu namna wafanyabiashara wa Ariwara wanavyokubaliana bei mahali ambapo hapana benki wala mahakama, uliandika makala, ulisimamia tasnifu za wengine, yangu ikiwemo, na kuirudisha kila mara ikiwa imejaa wino mwekundu hata kurasa za shukrani. Jalada lako la kupandishwa likaenda Kinshasa, likarudi likidaiwa karatasi iliyokuwa ndani yake, likaenda tena. "Asista," uliniambia siku moja, maana hukuacha kuniita Asista hata nilipokuwa profesa associée, "jalada langu limesafiri kuliko mimi. Nikifa, lizikwe lenyewe. Mimi nitabaki kungoja jibu."

Kisha amri ikafika, picha kwenye simu, muhuri ukiwa umekatwa nusu. Ukawa Ordinaire. Mama Beatrice alichinja kuku wote. Habari ikapanda mpaka Mahagi, kwenu, ikafika kwa dada yako mkubwa, Yaya Rozalia, kwa njia rasmi kabisa: ilisomwa kanisani baada ya misa na Katekista Filemoni, ambaye ndiye macho yake katika mambo yote ya karatasi, kwa kuwa yeye mwenyewe hakuwahi kupelekwa shule. Filemoni alisoma kwa Kifaransa, akatafakari, akatafsiri kwa ajili ya waumini: ndugu yetu Anselme, aliyekuwa mshirika wa wakubwa huko Bunia, sasa amefanywa mwalimu wa kawaida.

Kanisa likaguna. Wakakuombea.

Nilikuwepo sebuleni kwako walipofika, Yaya Rozalia na Filemoni na wamama wa jumuiya, wamejifunga vitambaa kichwani kama watu wa kilio, na mbuzi amefungwa juu ya basi. Sisi tulikuwa tunacheza muziki. Yaya Rozalia alisimama mlangoni, akatazama kuku, akatazama suti yako mpya, akakushika mashavu yote mawili: "Anselme, ndugu yangu, ulibakosea nini?" Nawe, badala ya kujibu, ukacheka mpaka ukakaa chini, jambo ambalo kwake lilithibitisha kwamba pigo lilikuwa zito na limeshuka kichwani.

Ulimchorea ngazi. Naikumbuka karatasi ile: asista chini, ordinaire juu kabisa, na mshale. Ulieleza kwa Kiswahili, kwa Kialur, na kwa mikono. Yaya Rozalia aliitikia kwa kichwa kwa heshima kubwa. Alipokuwa anapanda basi kurudi, alikuvuta kando, nami nikasikia: "Usijali. Hata Yozefu walimutupa mu shimo mbele ya kuwa mukubwa." Ngazi yako, Profesa, haikumwingia hata kipago kimoja.

Wala mji haukukusaidia. Ulipougua, Doyen wetu mwenyewe, mkuu wa fakilte, alikwenda mapokezi ya hospitali akiwa na koti lake la mikutano, akamwambia kijana wa dirishani kwa sauti ya kumshtua: "Huyu mgonjwa ni Ordinaire!" Kijana akaandika haraka na kwa adabu, na wakakupeleka kwenye chumba cha vitanda vingi, kati ya mzee wa Djugu aliyeikimbia nyumba yake na dereva wa lori aliyevunjika mguu kwenye njia ya Komanda. Doyen alipotaka kulalamika, ulimkataza. Ulisema mzee yule anasimulia vizuri kuliko mikutano yote ya fakilte, na kwamba hatimaye mtu ametekeleza amri ya waziri kama ilivyoandikwa. Nilicheka. Nilitoka nje nikasimama karibu na tangi la maji, na sitaeleza zaidi.

Sasa unaelewa nini kilitokea siku ya rasimu. Tulikuwa sebuleni: Mama Beatrice, Doyen, mimi, na Yaya Rozalia aliyefika kutoka Mahagi pamoja na Filemoni, kwa njia ile ya Djugu ambayo mtu huiuliza asubuhi kama iko wazi kabla ya kuvaa viatu. Nilisoma: "Hapa amelala Profesa Ordinaire Anselme." Sikufika kwenye majina yako mengine, wala kwenye sala.

"Simama hapo," alisema Yaya Rozalia. "Balimushusha akiwa muzima, tukanyamaza. Sasa munataka kumushusha hata akiwa mufu? Mu jiwe? Mvua itapiga na halitatoka?"

Nilifafanua. Nilitumia ufafanuzi ule ule niliouweka mwanzoni mwa barua hii, na bado nauona ni sahihi. Yaya Rozalia alinisikiliza hadi mwisho, akauliza kwa upole: "Na weye, mwanangu, uko profesa gani?"

"Associée, mama."

"Bakia hapo hapo. Wasikudanganye."

Hapo Filemoni, mtu wa amani, akapendekeza suluhisho. Kama tatizo ni neno kuwa dogo, tulikuze. Tuandike "Profesa Extraordinaire". Wamama waliokuwa wamekaa mlangoni wakapiga makofi. Doyen akaruka kutoka kitini kana kwamba kimeshika moto: "Jamais! Hiyo sasa njo kumushusha!" Na alikuwa na haki, Profesa, ndilo jambo lililonikata maini. Katika vyuo vya Wabelgiji wa zamani, ambavyo sisi tulivinakili mpaka madoa, "extraordinaire" alikuwa mtu wa chini ya "ordinaire". Nililazimika kulithibitisha mbele ya wote.

Yaya Rozalia akanigeukia. "Kumbe," alisema, "kwao, mutu wa ajabu iko chini ya mutu wa kawaida?"

"Kwa cheo tu, mama."

"Basi balituharibu kuliko vile nilikuwa nawaza."

Doyen akatangaza kwamba jiwe lisilo na cheo kamili ni hati ya uongo, na fakilte haitavaa majoho kwa ajili ya uongo. Yaya Rozalia akatangaza jambo fupi zaidi: "Kama ile neno itakuwa pale, mi sitakanyaga. Siku ya Batakatifu Bote, Toussaint hii, na ile ingine, na zote. Nitamuombea nikiwa Mahagi." Mama Beatrice akanitazama. Alikuwa anajua, kama nilivyojua, kwamba wengine wote watakuja mara moja wapige picha, na kwamba Yaya Rozalia ndiye atakayekuja na ufagio.

Nilirudi nyumbani nikafanya ulichonifundisha. Nilichukua matembezi ya kaburini yanayotarajiwa kutoka pande zote mbili, nikayashusha thamani kwa kadiri yanavyochelewa, jinsi tunavyoshusha malipo ya kesho ili kujua uzito wake leo. Upande wa Doyen una ziara moja, ya karibu, yenye majoho na hotuba. Upande wa Yaya Rozalia una ziara za kila mwaka, za mbali, zenye hatari ya barabara. Nilijaribu kiwango cha riba cha chini, nikajaribu cha juu, nikajaribu kile cha aibu ambacho benki za hapa hutumia. Kwa kila kiwango Yaya Rozalia alishinda. Hesabu ilikuwa safi. Lakini ulikuwa ukituonya kwamba hesabu hulinganisha vitu vinavyolingana, na ukweli hauwekwi kwenye safu moja na ziara. Ulikuwa Ordinaire. Ulikingoja cheo hicho nusu ya maisha yako. Nani mimi nikufute?

Nikuambie pia yaliyobadilika chuoni, maana sijui kama huko mnapata habari. Ofisi yako imepewa mashine ya fotokopi, ambayo imekaa pale pale ulipokaa na huharibika kwa utaratibu ule ule ulioutumia kukataa mikutano. Somo lako nalifundisha mimi, kwa syllabus yako, bila kubadilisha hata mfano wa magunia ya kahawa. Juma la kwanza mwanafunzi mmoja wa safu ya nyuma alisimama: "Madame, Profesa aliandika franka ya leo iko na nguvu kuliko franka ya kesho. Sasa mbona nyinyi balimu munakubalia mushahara ya kesho kila mwezi?" Darasa lilivunjika mbavu. Nilitafuta jibu lako pembezoni mwa nakala yako mwenyewe, ukurasa ule. Ulikuwa umeandika kwa penseli: "Wakiuliza, cheka kwanza." Nilicheka kwanza. Kisha nikawapa mapumziko ambayo hayakuwa kwenye ratiba.

Sasa jiwe. Mpwa wako anayefanya biashara Ariwara alituletea bamba zuri jeusi kutoka upande wa Uganda, likafika limemeguka pembe moja kwa sababu ya mashimo ya njia. Fundi akalikata ili liwe na umbo, na lilipokatwa likawa fupi. Aliweka rula juu ya rasimu yangu, akakuna kichwa: "Madame, jina iko murefu, na hii ordinaire iko na herufi mingi kama treni. Tupunguze jina ao tupunguze ordinaire?"

Nakiri kwamba nililipokea swali lake kama mtu anayefunguliwa dirisha. Katika hati zote za ndani ya chuo cheo chako hufupishwa: "Prof. Ord." Kifupisho si uongo, ni ukweli ulioombwa ukae upande. Nilimpelekea Doyen, akakitazama, akasema ndivyo inavyoandikwa na watu wenye elimu. Kwa upande wa Yaya Rozalia nilijiambia kwamba nukta ni kitu kidogo, na kwamba neno lisilotamkwa huenda lisimuume. Hoja hiyo ya pili ungeizungushia wino mwekundu. Nilijua hivyo, nikamwambia fundi achonge.

Siku ya kubariki kaburi walikuja wote. Doyen na wenzetu katika majoho, chini ya jua lile, wakitoka jasho kama mishumaa. Mama Beatrice na watoto. Na kutoka Mahagi, Yaya Rozalia. Alikuja, nilivyoambiwa baadaye, ili alione neno lile mwenyewe, aligeuzie mgongo, na aondoke mbele ya watu. Padri alisali. Alipotaja uzima wa milele nilikukumbuka ukifundisha malipo yasiyo na kikomo: thamani yake ni kubwa, ulikuwa ukisema, kwa mtu ambaye hana haraka. Kisha kitambaa kikaondolewa, na Yaya Rozalia akamwambia Filemoni: "Soma. Usifiche."

Filemoni akavaa miwani. Akasoma "Profesa", bila shida, maana hapo nukta aliizoea. Akafika kwenye "Ord." Akasimama. Akalitazama jiwe, akanitazama mimi, akaitazama nukta kama mtu anayetazama mlango uliofungwa ndani ya nyumba yake mwenyewe. Mtu huyu ameishi kanisani maisha yake yote, Profesa. Kati ya maneno yote ya Kifaransa yanayoanza na herufi hizo, moja tu lilikuwa limekaa karibu na moyo wake, lile la sakristia, linalomtaja mtu aliyewekewa mikono na askofu.

"Profesa *Ordonné*," akasoma, kwa sauti ya Pasaka.

Kisha Mama Beatrice, mjane wako, nyuma yangu: "Ordonné? Na hii batoto yote?"

"Kuna diacre, shemasi, mama," alisema Filemoni, bila kugeuka. "Diacre anaoaka."

Yaya Rozalia hakugeuza mgongo. Alipiga magoti, taratibu, kwa namna ya watu wenye magoti mabaya, akaweka kiganja juu ya herufi zile tatu. Wakati huo ndipo nilipojifunza jambo ambalo hukuwahi kuniambia katika miaka yote ya wino mwekundu: kwamba ulipelekwa seminari ndogo ukiwa mtoto, ukatoroka ukaja kusoma biashara, na kwamba mama yenu alifariki akiwa bado anaulizia lini utawekewa mikono. "Mama," alisema Yaya Rozalia, na hakuwa anasema nasi, "alifika. Alikawia, lakini alifika. Balimuficha tu."

Nilifungua kinywa. Unanijua, sijawahi kuacha kosa la tafsiri lipite, hata katika menyu ya hoteli. Mama Beatrice alinifinya mkono kwa nguvu ambayo alama yake bado ninayo. Nikafunga kinywa. Na hapo Doyen, ambaye alikuwa amejisomea "Ordinaire" kimoyomoyo na kuona mama analia kwa furaha, akaamini kwamba hatimaye ngazi yako imemwingia. Akamwinua, akamshika mikono yote miwili: "Hongera, mama. Alistahili. Haikukuwa rahisi." Naye akamjibu, akimtazama joho lake refu jeusi kwa macho mapya: "Aksanti, baba. Nanyi mulimuombea." Wakakumbatiana, kila mmoja akimpongeza mwenzake kwa cheo tofauti. Sikumbuki kama nimewahi kuona makubaliano kamili kiasi hicho chuoni.

Alikaa mpaka watu wote walipoondoka. Aliomba ufagio. Aliniambia, akifagia vumbi ambalo halikuwepo, kwamba Toussaint atakuja na maua ya kupanda, si ya kukata, kwa sababu ya kukata hufa mapema, na kwamba nisiogope tena kupanda cheo, akanitazama vizuri, "kama Mungu anaita hata banamuke."

Kwaheri, Profesa. Nimekusimulia yote kwa utaratibu, isipokuwa pale nilipokosa utaratibu. Nakuahidi haya: somo lako litafundishwa kama ulivyoliacha, na maneno yako ya penseli yatabaki pembezoni, jalada langu, likitoka Kinshasa, nitakuja kukusomea jibu kabla ya kumsomea mtu mwingine, na kila Toussaint nitasimama kando ya Yaya Rozalia, nimshikie kopo la maji, nikae kimya.

Ni kimya hicho kinachonisumbua. Katika mhadhara wako wa soko ulisema kwamba watu wawili hufanya biashara kwa sababu hawakithamini kitu kimoja kwa kipimo kimoja, na kwamba hapo hapana wizi. Lakini ulisema pia, na nimeipigia mstari, kwamba muuzaji anayejua kilichomo ndani ya gunia, na akanyamaza, ni mwizi hata kama bei ni nzuri. Nimezigeuza sentensi hizo mbili pande zote, kwa uaminifu wote niliojifunza kwako, na sijaweza kuziweka juu ya jiwe moja. Basi niambie, Mwalimu wangu: mnunuzi aliyeondoka na kitu alichokingoja maisha yake yote, na ambaye hatarudi kamwe kulalamika, ameibiwa nini?

Asista wako,
Noela